Mabasi Chotara kwenye Mteremko Wangu

Vijana wa gereji, siku mliponiaga kustaafu mkanipa saa ya ukutani na mashati mawili, mliniambia, "Mzee, tuandikie." Nikawajibu kwamba mtu aliyeishia darasa la nne haandiki, anasaini. Mkacheka. Basi nimekaa hapa nyumbani Kirua Vunjo, saa yenu iko ukutani na inakimbia kuliko ile ya mkononi, na ninaandika. Makosa ya herufi msahihishe wenyewe, ndilo mlilosomea.

Vyeo sitaviandika. Mishahara nayo mtaisikia kwa wengine. Hakuna cheo kilichowahi kulegeza nati iliyoshika kutu. Nitaandika nilivyoanza, kitu nilichobuni kwa akili yangu, na jinsi kitu hicho kilivyokaribia kunivunjia heshima siku mabasi chotara yalipokuja. Mkifika hapo mtaona nimejisema vibaya. Ndivyo ilivyokuwa.

Niliteremka kutoka huku milimani nikiwa na suruali moja na kandambili. Kampuni ni hii hii, ila wakati ule mabasi yalikuwa machache: yanazunguka mji, mengine yanapanda vijijini asubuhi na kurudi jioni. Fundi mkuu alikuwa Mzee Aminieli. Mtu mfupi, mikono mipana, maneno machache. Aliniangalia miguu kwanza, halafu uso.

"Unajua nini?"

"Najua kukamua ng'ombe na kupogoa kahawa."

"Kwa hiyo hujui kitu. Kaa pale."

Pale palikuwa na beseni la dizeli na debe la nati chafu. Miezi mitatu nilisafisha nati. Spana sikupewa hata ya kushikilia mlango. Kila jioni alikuja, akaniambia nifumbe macho, akaniwekea nati moja kiganjani. "Namba ngapi?" Nikikosea, zote nilizokwisha kuzipanga zinarudi debeni. Mwezi wa tatu nilikuwa nazijua kwa vidole kama mnavyozijua namba za simu za wachumba wenu. Ninyi mnaoleta spana tatu kwa nati moja mkijaribu ipi itaingia, nilikuwa nawaona. Nilinyamaza tu kwa sababu ya umri.

Baada ya nati alinifundisha kusikiliza. Unachukua bisibisi ndefu, ncha unaigusisha kwenye injini, mpini unauweka kwenye sikio. "Inaumwa wapi?" anauliza. Ukijibu haraka anakupiga kofi la kisogoni, kwa sababu injini haisemi haraka. Nilijifunza kusikia beringi inayotaka kufa wiki mbili kabla haijafa. Sikio hilo ndilo chuo changu, na halikunidai ada.

Jambo moja mlijue kuhusu Mzee Aminieli. Hakuwahi kunisifu. Kazi ikiwa mbaya alisema, tena mbele za watu. Kazi ikiwa nzuri aliitazama, akageuka, akaondoka. Miaka yote niliyokaa chini yake, sifa yangu ilikuwa mgongo wake. Nikauzoea. Akiniachia mgongo, jioni nilikula vizuri.

Nije kwenye kijiti changu. Wote mmekiona, kimetundikwa nyuma ya mlango wa ofisi, na najua mmoja wenu alikitumia kukorogea rangi. Geji ya mafuta ya kwenye basi ni mwongo. Ikiwa mlimani inasema hili, ikiwa tambarare inasema lile. Nilikata tawi la mbuni lililonyooka, nikalikausha jikoni juu ya moshi, nikalichonga alama kwa kisu. Asubuhi na jioni, basi likiwa limesimama pale pale kwenye saruji iliyo sawa, nilizamisha kijiti kwenye tangi, nikasoma, nikaandika daftarini: basi gani, dereva gani, njia gani, alama ngapi zimeshuka. Kwa madaftari yale nilijua nani ana mguu mzito, nani anaacha injini inaunguruma akinywa chai, na nani anawauzia watu mafuta njiani. Dereva mmoja aliniapia kwa kaburi la mama yake kwamba tangi linavuja. Mama yake alikuwa hai. Alikuwa anakuja kwetu sokoni kununua maharage.

Sasa sikieni kitu nilichobuni. Kuna kipindi dizeli ilikuwa ya shida mjini, na mabasi yalikuwa yanashinda yamelala. Nilikaa na kijiti changu nikafikiri. Basi linapopanda Kirua linakunywa, na hilo halina dawa. Lakini linaposhuka, linakunywa la nini? Mnajua kona ya kanisa. Ukishaipita hiyo, mteremko unalegea, barabara inaonekana mbali mpaka daraja dogo. Nikapanda na madereva, mmoja baada ya mwingine. Nikawaambia: kona ya kanisa ukishaimaliza, tia nyutro, liache basi liende kwa uzito wake, breki gusagusa, darajani rudisha gia. Mtaalamu wa usalama atasema ni hatari, na hakosei. Ndiyo maana breki za mabasi ya njia ile nilizikagua mimi mwenyewe kila Jumamosi, gurudumu kwa gurudumu, hata siku za ubarikio wa watoto wangu kanisani.

Alama kwenye kijiti zilibaki juu. Mabasi yakarudi barabarani. Madereva wakaiita "kuachia," na dereva mgeni akija, wakubwa walimfundisha kuachia kabla hata hawajamwonyesha choo kiko wapi. Nyumba yangu iko juu kidogo ya kona ile. Jioni nilikaa barazani nikisikia basi linakuja likinguruma, linafika kona, halafu kimya. Injini inanong'ona tu. Kimya kile kilikuwa changu. Watu wengine wamejenga ghorofa mjini, mimi nilijenga kimya. Mzee Aminieli alipanda siku moja kuona. Alitazama mpaka darajani, akashuka, akaniachia mgongo. Nilitembea wiki nzima kama niliyeoa.

Akastaafu, funguo nikachukua mimi, na miaka ikaenda.

Halafu wakaja chotara. Wengi wenu mlikuwepo, lakini nieleze kwa ajili ya watakaokuja. Kampuni iliazimwa mabasi mawili ya majaribio, ya haibridi. Ndani mna injini ya dizeli, tena mna mota ya umeme na betri. Hulichomeki popote. Dereva akitoa mguu kwenye mafuta au akigusa breki, mota inageuka jenereta: inalivuta basi nyuma na kujaza betri. Basi likitaka kuondoka tena, umeme ule ule unasaidia kulisukuma, dizeli inapumzika. Madereva wakayaita chotara, kama ng'ombe wetu wa maziwa, nusu wa huku nusu wa Ulaya: anatoa maziwa mengi lakini ukikosea chakula chake tu, umempoteza.

Moja lilipangiwa njia ya mjini, kutoka mtaa wa Soweto mpaka stendi, lingine njia ya Kirua. Pembeni yake mabasi mawili ya kawaida yalifanya njia zile zile, saa zile zile. Ilitakiwa ijulikane chotara anakula kiasi gani, anamaliza breki na matairi kwa muda gani, analala gereji siku ngapi, na kama gharama yake inalipa. Wakurugenzi wangeamua kutokana na hayo: kununua au kurudisha.

Aliyeletwa kupima ni Ndeshi. Injinia Ndeshi. Binti wa hapa hapa uchaggani, chuo kamalizia Dar, na buti langu la kazi lilikuwa na umri mkubwa kuliko yeye. Walimwekea meza ofisini kwangu, na kiti kinachozunguka. Mimi kiti changu ni siti ya basi niliyoifunga kwa bolti mwenyewe. Asubuhi anachomeka waya kwenye basi, laptopu inasoma, na madereva wamemzunguka shingo zimenyooka. Kundaeli, dereva wa chotara wa Kirua, ambaye nilimfundisha kazi tangu hajaota ndevu, alikuwa akiniletea ndizi mbivu kila Jumatatu. Zikaanza kutua kwenye meza ya pili.

"Kunda, ndizi zangu zimepata ajali?"

"Mzee si una meno ya kuhesabu? Mwache Injinia ale."

Wakacheka. Na mimi nilicheka, kwa mdomo.

Ingenisaidia sana kama binti yule angekuwa na dharau. Angekuwa na dharau ningepata pa kumshikia. Lakini kila asubuhi alikuja mezani kwangu, akainama kidogo, "Shikamoo mzee," kisha akauliza ng'ombe wamelalaje. Niliitikia marahaba, naye akaenda kukaa kwenye kiti chake kinachozunguka.

Wiki ya kwanza ile ile Mzee Aminieli aliletwa na mjukuu wake kuona mabasi. Sasa anatembea kwa mkongojo. Ndeshi alimfungulia kila mlango, akamweleza mota, akamweleza betri, akamshikisha nyaya, taratibu, kwa Kichagga na Kiswahili. Mzee akauliza maswali matatu, akajibiwa matatu. Nilisimama pembeni na tambara mkononi nikingoja ageuke aondoke. Hakugeuka. Alimwangalia usoni akasema:

"Kazi safi."

Maneno mawili. Nilikuwa nimeyangoja maisha yangu yote ya kazi, na yakapita mbele ya pua yangu kwenda kwa mtoto wa siku nne kazini. Nilikwenda nyuma ya gereji nikajifanya natafuta jeki.

Jioni ile nilikaa barazani. Chotara wa Kirua akaja anashuka. Kundaeli alikuwa zamu. Linapotembea vizuri lile basi, ukitoa mguu linatoa mlio mwembamba, kama mbu wa Chekereni, kule tambarare, karibu na sikio: ndiyo mota inajaza betri. Likafika kona ya kanisa. Kimya.

Nilielewa palepale. Kunda ameachia. Amebonyeza kitufe cha nyutro kama nilivyomfundisha. Na chotara akiwa kwenye nyutro mota haivuti kitu, betri haipati kitu. Mteremko ndicho chakula chake, na mimi nilikuwa nimewafundisha madereva kumfunga mdomo mezani.

Ilikuwa kazi ya sentensi moja. Asubuhi ningemwambia, "Binti, wakataze nyutro." Asubuhi akaja. "Shikamoo mzee, ng'ombe wamelalaje?" Nikasema, "Marahaba. Wazima." Nikafungua daftari langu.

Ndivyo ilivyokwenda wiki baada ya wiki. Chotara wa Soweto alifanya vizuri, maana njia ile ni ya simama-ondoka, simama-ondoka, na kila kusimama betri inashiba. Chotara wa Kirua alikula dizeli karibu sawa na basi la zamani. Ndeshi hakuelewa. Laptopu yake ilimpa jumla ya siku nzima, haikumwambia kona kwa kona. Akabadilisha chujio, akapima matairi upepo, akapigia simu watu waliotengeneza. Akawauliza madereva, "Mnaendesha kama kawaida?" Wakajibu, "Kama kawaida, Injinia." Hawakumdanganya. Kawaida yao ilikuwa mimi.

Akaja na kwangu. "Mzee, wewe unaonaje?"

"Mimi wa darasa la nne nitaona nini ambacho kompyuta haijaona?"

Alinitazama kidogo, akasema asante, akarudi mezani. Jioni nilikula vizuri.

Na kuna baya zaidi ya kunyamaza. Kitabu cha mabasi yale kilisema breki zake zinakaguliwa kwa nadra, kwa sababu mota ndiyo inayopunguza mwendo, pedi hazichoki. Ndeshi aliniomba: "Lakini mzee, wewe una mazoea yako ya Jumamosi. Kama hutajali, mkague na huyu." Nikasema, "Kitabu chako kimesema si lazima." Jumamosi zile nilikagua mabasi yote ya mlimani, nikampita chotara kama sijamwona. Nilitaka kitabu kikague chenyewe.

Meneja akatangaza kikao cha wakurugenzi, Ijumaa. Kila mtu alijua kitakachosemwa: chotara warudishwe, na kazi ya Ndeshi inaondoka nao. Nilikuwa nimeshaamua shati la kuvaa.

Jumatano Kundaeli alikuja amekunja uso. "Mzee, pedali ya breki ya chotara inazama. Si sana. Lakini inazama."

Nikafungua gurudumu la mbele. Nimeshika pedi za breki maisha yangu yote. Ile ilikuwa imebaki nyembamba kama ukucha, na upande mmoja chuma kilishaanza kugusa chuma. Bila shaka. Basi zito kuliko mengine yote, kwa ajili ya betri, linateremka kwenye nyutro, hakuna injini inayolizuia wala mota, ni pedi tupu mpaka darajani. Wiki nyingi. Bila mimi kufungua gurudumu.

Jana yake mke wangu alikuwa amepanda basi lile akirudi sokoni, na nusu ya wanawake wa usharika wetu.

Nilikaa juu ya tairi. Kunda akauliza, "Mzee, unaumwa?" Nikamwambia alete pedi mpya na mifuko ya mchanga ya kutosha basi zima. Kisha nikaenda ofisini na ile pedi mkononi, nikaiweka juu ya laptopu yake.

"Hii imetoka kwa chotara wa Kirua," nikasema.

Ndeshi aliigeuza mara mbili. Uso ukabadilika. "Haiwezekani. Kwa mwendo huu..." Akaikwaruza kwa ukucha. "Kitu gani kinafanyika kule, mzee?"

"Twende ukaone."

Tulifunga pedi mpya, tukapakia mchanga badala ya abiria, tukapanda Kirua watatu tu: Kundaeli kwenye usukani, Ndeshi nyuma yake na laptopu mapajani, mimi nimesimama nimeshika chuma. Juu tukageuza. Tukaanza kushuka, mlio mwembamba unasikika vizuri. Tukapita kona ya kanisa. Kidole cha Kunda kikaenda chenyewe kwenye kitufe, wala hakukitazama. Kimya.

Ndeshi akainua kichwa. "Betri imeacha kupokea. Kunda, umefanya nini?"

"Nimeachia."

"Umeachia nini?"

"Basi. Hapa tunaachia. Nyutro mpaka darajani."

"Kila siku?"

"Kila siku, Injinia. Tena wote. Si ndiyo tulivyofundishwa?"

"Na nani?"

Kunda akanitazama kwenye kioo. Hakusema. Nitamheshimu kwa kioo kile mpaka nife. Ningeweza kunyamaza, angesema "tulikuta hivyo," na yangeishia hapo.

"Na mimi," nikasema. "Rudisha gia, Kunda. Simamisha pembeni."

Akasimamisha. Ndeshi akafunga laptopu polepole.

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

"Tangu lini, mzee?"

"Wiki ya kwanza. Siku aliyokuja Mzee Aminieli. Nilisikia kutoka barazani kwangu."

Nilidhani atapiga kelele. Nilitaka apige, kelele naiweza. Alisema kwa sauti ya chini, na maneno hayo sijayatoa kichwani: "Nilikuwa nakupa shikamoo kila asubuhi. Ulikuwa unaipokea kwa moyo gani?"

Kunda alishuka akajifanya anapiga tairi teke.

"Panda, Kunda," Ndeshi akasema. "Tunarudi juu. Safari hii ukigusa kile kitufe nitakukata kidole."

"Injinia, basi linajivuta, linakuwa kama limeshikwa na breki!"

"Limeshikwa na chakula chake. Endesha."

Tulipanda na kushuka Alhamisi nzima, mchanga ule ule, Kunda yule yule: asubuhi akiachia, mchana bila kuachia. Kila raundi tulirudi gereji kwenye saruji yangu nikazamisha kijiti, yeye akasoma laptopu. Hatukuonyeshana mpaka mwisho. Tulipolinganisha, kijiti na laptopu vilisema neno moja. Bila kuachia, chotara alikunywa kidogo wazi wazi, hata Kunda aliona kwa macho yake, na pedi zilikuwa vuguvugu tu, unaweza kuweka kiganja.

Ijumaa nilivaa lile shati. Ndeshi alisoma taarifa yake, akafika njia ya Kirua, akasema takwimu za wiki zile haziwezi kutumika, kuna sababu ya uendeshaji. Akaishia hapo. Hakunitaja. Meneja akauliza ni sababu gani, akaanza kumbana kana kwamba anatafuta visingizio. Nilimwangalia binti yule amesimama pale anabanwa kwa ajili yangu, na niwaambie ukweli, hata saa ile nilimwonea wivu: kwamba anaweza kunyamaza vizuri kuliko mimi.

Nikasimama. Nikasema kuachia ni kazi yangu, niliifundisha mimi, ilikuwa nzuri kwa mabasi yale na ni sumu kwa haya, na kwamba nilijua na nikanyamaza, na breki sikuzikagua. Nikaweka ile pedi mezani. Mkurugenzi mmoja aliisogeza mbali na chai yake. Nikapewa karipio la maandishi, ninalo hapa kabatini, limeandikwa kwa herufi nzuri. Majaribio yakaongezewa muda, na mimi nikapewa adhabu niliyoiona kubwa kuliko karatasi: kupanda na kila dereva wa Kirua, mmoja baada ya mwingine kama zamani, na kuwafundisha kuacha kile nilichowafundisha.

"Mzee, si ulisema anayeshuka na gia ni mshamba?" Barakaeli, mmoja wao, aliniuliza, mdomo mpaka masikioni.

"Nilisema. Sasa kuwa mshamba."

Matokeo mliyaona, lakini niyaandike kwa namna yangu. Chotara anafaa panapo breki nyingi: Soweto kwa sababu ya vituo, Kirua kwa sababu ya mteremko. Tulimpeleka Chekereni pia. Kule njia imenyooka, vituo viko mbali, breki haiguswi, na vumbi la mashambani linaziba feni ya kupoza betri mpaka unaifungua kila baada ya siku chache. Kule basi la kawaida linatosha, anayesema tofauti anauza mabasi. Pedi zinadumu mno, hilo nimelikubali. Lakini kifaa chake kikiharibika unangoja mpaka kije kutoka mbali, na basi linalala wakati la zamani ningelifufua kwa waya na koleo. Betri itachoka siku moja, na bei yake hakuna anayependa kuitaja kwa sauti. Ndeshi aliyaandika yote hayo, hata yale mabaya, na akaandika pembeni kwamba vipimo vya miaka ya nyuma vimetoka kwenye madaftari yangu. Nilimpa yote. Aliyabeba kwenye ndoo mbili. Kampuni ikawabakiza chotara kwa njia za vituo na mlima.

Siku ya kuniaga Mzee Aminieli aliletwa tena. Nilikaa karibu naye makusudi. Alikula machalari ya ndizi, akanywa pombe ya mbege kidogo, akamwita Ndeshi, akamwambia tena mbele yangu, "Kazi safi." Kisha akanigeukia mimi, akanitazama muda mrefu, akainuka na mkongojo wake, akaenda zake. Nikausindikiza kwa macho mgongo wake mpaka kwenye gari. Mnaweza kunicheka.

Sasa nakaa barazani. Mabasi yanashuka, ule mlio mwembamba unaifikia kona ya kanisa, unaipita, unaendelea mpaka darajani bila kukatika. Kimya changu hakipo tena kwenye mteremko huu. Mlio ule ni wake, na kila jioni ukipita nauonea wivu, siwadanganyi. Nausikiliza wote, mwanzo mpaka mwisho.

Juzi mmoja alipita kona akanyamaza. Nilikuwa nimeshika simu kabla hajafika darajani.

"Ndeshi. Chotara wa saa kumi na moja. Kona ya kanisa, nyutro."

"Kunda?"

"Siye, Kunda anakanyaga breki mapema. Huyu ni Barakaeli. Na kesho fungua gurudumu la mbele, usisubiri kitabu."

Akacheka. "Nitafungua. Halafu mzee, hata hujaniacha nikusalimie. Shikamoo."

Nikainuka kitini, simu sikioni, kana kwamba yuko mbele yangu.

"Marahaba," nikasema, na nikakata kabla hajaanza kunishukuru.